Injini ya mtumba ikiwa bado chini, badilisha dampa ya cheni

Vitz yangu ilikuja na injini ya 2NZ, yaani 1.3. Kwa foleni za Dar haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa Lushoto, nyumbani kwa wazee. Ukishaiacha Mombo na kuanza kupanda zile kona, ukiwa na watu wanne na mizigo yao, gari inalia kama imebeba kokoto. Nikaamua kuweka 1NZ, ya 1.5.

Hizi ni ndugu wa tumbo moja. Silinda zote zina kipenyo cha milimita 75, ila pistoni ya 2NZ inasafiri milimita 73.5 na ya 1NZ inasafiri 84.7. Ndipo inapopatikana tofauti ya cc 1,298 na 1,497. Vitz zenyewe zilitoka kiwandani nyingine na 1.3, nyingine na 1.5, kwa hiyo hukati chuma wala kuchomelea chochote. Hakikisha tu injini inakuja na kontroli boksi yake, na ukimaliza upeleke mabadiliko TRA, maana namba ya injini na cc vimeandikwa kwenye kadi.

Injini niliipata Gerezani, hapa Dar, imekaa juu ya tairi bovu, inang'aa kwa dizeli waliyoioshea. Nikamuuliza fundi kama tufungue mbele tuangalie cheni, ile inayovutwa na kranki na kuzungusha kamshafti zinazofungua valvu, kabla ya kuipandisha injini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Bosi, hii haijaguswa tangu Japani. Ukiifungua ndiyo unaiharibu." Akaongeza na ile tunayoisikia wote, kwamba cheni siyo mkanda, cheni ni ya maisha. Nikakubali. Nilikuwa na haraka, na kusema kweli nilitaka kuamini.

Miezi mitatu haikuisha. Kila asubuhi nikiwasha, mbele ya injini upande wa mikanda kunatoka sauti kama kiberiti kilichojaa misumari, halafu sekunde tatu nne inanyamaza. Mchana husikii kitu. Ukimpelekea fundi saa sita, injini ikiwa moto, anakutazama kama mtu mwenye mawazo mengi.

Sauti ya namna hiyo ina maelezo yake. Cheni inakazwa na tensheni, na tensheni inasukumwa na presha ya oili. Usiku kucha oili inashuka chini, kwa hiyo unapowasha, kwa muda mfupi cheni inazunguka bila mkazo kamili. Injini isiyo na ubovu hustahimili hapo bila kelele, kwa sababu cheni imebanwa pande zote mbili. Upande unaolegea kuna slipa, lile pinde linaloegemewa na tensheni. Upande unaovutwa kuna dampa, kipande kirefu cha plastiki ngumu kilichofungwa kwenye injini, hakitembei, kazi yake ni kuizuia cheni isitikisike. Dampa ikilika, cheni inapata nafasi ya kuchapa, na kila inapochapa inaila zaidi.

Kuhusu jina, uwe makini dukani. Toyota wenyewe kwenye vitabu vya spea wanaiita dampa ya mtetemo wa cheni, lakini mafundi wengi wanasema gaidi, yaani "guide" ya Kiingereza, na sitachoka kuona kichekesho katika kumwambia muuza duka "nipe gaidi wa 1NZ". Mimi nilipotaja dampa peke yake nililetewa puli ya kranki. Nenda na ya zamani mkononi, uweke kaunta, mambo yaishe.

Kuibadilisha injini ikiwa ndani ya gari ni adhabu. Ili kava ya mbele itoke, lazima injini iegemezwe kwa jeki na ubao chini ya sampu, lile beseni la oili, mauntini inayoishikilia injini upande ule itoke, puli ya kranki itoke, waterpampu itoke, na mkono wako upite katikati ya injini na bodi mahali ambapo hata panya angefikiria mara mbili. Tulitumia siku mbili. Kava ilipotoka, dampa ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyokolea, ina mifereji miwili ambayo kucha ya kidole gumba ilizama. Chini pembe moja haikuwepo. Tukaikuta kwenye sampu, imesagika, vipande vingine vimenasa kwenye chujio la pampu ya oili. Hilo lilinitisha kuliko kelele. Chujio likiziba, presha inashuka, tensheni inakosa nguvu, na kwenye injini hizi cheni ikiruka meno, valvu na pistoni zinakutana.

Kwa hiyo shemeji yangu alipoamua naye kubadili kama mimi, nilimwambia injini haipandi kabla haijafunguliwa mbele. Ikiwa chini, kazi yote ilikuwa ya nusu siku, na tulikunywa chai katikati. Tulinunua dampa, slipa, tensheni, cheni na sili ya kranki kwa pamoja. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nitakuelewa, lakini dampa mpya na cheni iliyovutika hazikai pamoja muda mrefu.

Kabla ya kutoa chochote zungusha kranki hadi alama zikae mahali pake, upige picha na simu. Dampa inashikwa na bolti mbili ndogo za spana namba 10. Mkazo wake ni Nm (nyutoni mita) 9 tu, na hapa ndipo mafundi wenye mikono mizito wanapoharibu: wanazikaza kama za tairi, uzi wa aluminiamu unang'oka. Zikaze kwa mkono na spana fupi kama huna ya kupimia. Bolti ya puli ya kranki ndiyo inayotaka nguvu, Nm 128.

Cheni mpya ina viungo vitatu vyenye rangi, kimoja kwa giya ya kranki, viwili kwa giya za kamshafti. Upande wa dampa cheni iwe imenyooka kabisa, ulegevu wote uusogeze kwenye slipa. Tensheni unaisukuma pistoni yake hadi ndani, unaifunga kwa kupenyeza kipini chembamba kwenye tundu lake, unaikaza mahali pake, ndipo unachomoa kipini. Nimeshaona mtu amefunga kava na kipini kikiwa ndani! Kisha zungusha kranki kwa mkono, raundi mbili kamili, ukisikiliza mkono wako. Ikigoma, usilazimishe. Na usishtuke ukiona viungo vya rangi havirudi kwenye alama. Havitarudi, ni kawaida. Unachoangalia ni alama za giya zenyewe.

Kava inafungwa kwa silikoni, mstari mwembamba. Ile ya kujaza kama siagi kwenye mkate inaminywa ndani na kwenda kuziba chujio lilelile ulilotoka kulisafisha. Bolti za kava zina urefu tofauti, kwa hiyo zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uliozitoa.

Siku ya kuwasha, zima kwanza mafuta, pigisha stata mara kadhaa hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe mafuta. 1NZ inakula lita 3.7 ukibadili na filta. Mimi naweka 5W-30. Najua wapo wanaoweka oili nzito wakidhani inatuliza kelele za injini iliyochoka, lakini asubuhi oili nzito inachelewa kufika kwenye tensheni, na hapo ndipo dampa inapoumia.

Oili ya kwanza ya shemeji tuliimwaga baada ya kilomita 1,000, tukaipitisha kwenye kitambaa cheupe. Kulikuwa na uzi mmoja wa silikoni, mfupi kama punje ya mchele. Plastiki hapana.