Farah alistahili kuwa katika orodha ile

Mliuliza wiki hii: ni mwigizaji gani wa filamu za zamani aliyestahili kuteuliwa kuwania Oscar, akaachwa? Najua wengi watamtaja Sidney Poitier. Mwaka wa 1967 alikuwa na filamu 3 kubwa na hakuteuliwa kwa hata moja, huku Rod Steiger, mwenzake katika In the Heat of the Night, akiondoka na tuzo. Siwapingi. Lakini mimi ni wa Nairobi, na jibu langu limo katika filamu iliyopigwa hapa hapa kwetu. Ni Malick Bowens, mwigizaji wa kutoka Mali aliyemwigiza Farah katika Out of Africa.

Kwa ambao hawajaiona, ni hadithi ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa karibu na milima ya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931, shamba likamshinda. Farah ni Msomali anayemsimamia nyumba. Machi 1986 filamu hiyo iliteuliwa mara 11 na kunyakua tuzo 7, ikiwemo ya filamu bora. Meryl Streep, aliyemwigiza Karen, aliteuliwa. Klaus Maria Brandauer, aliyemwigiza mume wa Karen, aliteuliwa pia, katika kundi la waigizaji wasaidizi. Bowens, ambaye yuko na Karen tangu mwanzo hadi mwisho, hakutajwa.

Sisi watu watano hukutana Jumamosi jioni kwa rafiki yetu anayeishi mtaa wa Buruburu. Tunatazama filamu ya kale, kisha tunabishana mpaka chai inapoa. Nilipoyasema haya, mmoja wetu, mwalimu mstaafu, alinijia juu: "Ndugu yangu, Farah hana maneno. Mtu hapewi tuzo kwa kusimama mlangoni."

Nikaomba turudi kwenye stesheni, pale mwishoni. Karen anaondoka Kenya asirudi tena. Anamwambia Farah kwamba anataka kumsikia akimwita kwa jina lake. Miaka yote hiyo amekuwa akimwita Msabu, yaani memsahib kwa matamshi ya enzi zile. Tazameni uso wa Bowens hapo. Halii. Mabega hayashuki. Anamtazama Karen moja kwa moja, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Wewe ni Karen, Msabu." Jina analitoa kama alivyoombwa, na cheo anakirudisha palepale. Katika maneno manne unayasikia mapenzi, heshima na umbali ambao hakuna kati yao awezaye kuuondoa. Streep analia, naye ana haki, lakini machozi yangu mimi hutolewa na Farah. Na kumbukeni ni yeye aliyempokea stesheni siku ya kwanza, mkavu kama karani. Safari nzima kati ya stesheni hizo mbili Bowens ameibeba usoni, kwa mistari michache mno.

Kijana mmoja wetu alikuwa na hoja nzito zaidi: "Kwa nini tudai Mwafrika asifiwe kwa kumtumikia mzungu? Hattie McDaniel alishapewa Oscar mwaka wa 1940 kwa kuigiza mtumishi, na usiku huo huo akaketishwa meza ya kando, mbali na wenzake." Hilo linaniuma kama linavyomuuma. Filamu yenyewe inaitazama nchi yetu zaidi kama mandhari, na watu wetu wengi wanapita tu nyuma ya wahusika wakuu. Lakini ndiyo sababu nasisitiza. Bowens alipewa nafasi finyu, akamtia Farah utu ambao hadithi haikuwa imemwandalia. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupewa hotuba ndefu.

Wala msiseme wapigakura hawakuwa na jicho. Mwaka mmoja tu kabla, tuzo hiyo hiyo ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa Haing S. Ngor, daktari wa Kambodia ambaye hakuwa amewahi kuigiza kabla ya The Killing Fields. Na huko Oscar waigizaji huteuliwa na waigizaji wenzao, watu wanaojua ugumu wa kusikiliza mbele ya kamera.

Mtaniuliza ningemtoa nani. Orodha ilikuwa na Don Ameche, aliyeshinda, Brandauer, William Hickey, Eric Roberts na Robert Loggia. Ningemtoa Loggia bila kusita. Mpelelezi wake wa mdomo mchafu katika Jagged Edge anafurahisha, lakini ni aina ya mhusika tuliyemwona mara nyingi. Mtu kama Farah sikuwa nimemwona.

Mwalimu bado anamshikilia Brandauer. Tumekubaliana kuitazama upya Jumamosi ijayo, na nimemwomba jambo moja: kila Farah anapokuwa chumbani, asimtazame anayezungumza.