Walker, Fuller na Tucker: kazi moja, majina matatu

SWALI: Nimesikia kwamba majina ya ukoo ya Waingereza Walker, Fuller na Tucker yametokana na kazi moja. Je, Walker si mtembeaji tu? Na mtu wa ukoo huo atajuaje kama babu zake waliifanya kazi hiyo?

JIBU: Ni kazi moja kweli, ya kusafisha na kukaza kitambaa cha sufu, na kutembea kulikuwemo, ila ndani ya birika. Kitambaa cha sufu kikitoka kufumwa huwa kimelegea na kimejaa mafuta. Fundi alikiloweka kwenye mkojo uliochacha, akakikanyaga kwa miguu mitupu muda mrefu. Amonia ya mkojo hugeuza mafuta yawe kama sabuni, na udongo laini wa aina maalumu, kama ule uliochimbwa Surrey, kusini mwa Uingereza, hunyonya yaliyobaki. Kwa kukanyagwa kikiwa majimaji, vigamba vidogo vya sufu hunasana, kitambaa kikasinyaa na kuwa kizito. Asipokigeuzageuza, mikunjo inashikana na haitoki tena. Mwisho alikitandaza nje kwenye fremu ndefu, kingo zimevutwa kwa kulabu, maana kikikauka bila kuvutwa upana haulingani.

Majina yakatofautiana kwa maeneo. Kaskazini mwa Uingereza walisema Walker, kusini-mashariki Fuller, kusini-magharibi, hasa Devon na Somerset, Tucker. Mjini Exeter, huko Devon, bado lipo jengo la chama cha mafundi hao, Tuckers Hall, la mwaka 1471.

Tahadhari moja ni muhimu. Vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilianza kuchukua kazi ya miguu mwishoni mwa karne ya 12. Kimoja cha Yorkshire, huko kaskazini, kinatajwa mwaka 1185. Majina ya ukoo yalishika mizizi hasa karne ya 13 na ya 14. Kwa hiyo Walker wa kwanza katika ukoo fulani anaweza kuwa mwendesha kinu ambaye hakukanyaga kitambaa hata siku moja.

Kuhusu kufuatilia, anza na sensa ya 1881 ujue ukoo ulikaa wilaya gani. Kisha rudi nyuma kizazi kwa kizazi kupitia daftari za parokia, zilizoamriwa kuanza mwaka 1538. Usiruke hata kizazi kimoja: jina hili ni la watu wengi mno, na Walker wawili wa kijiji kimoja si lazima wawe ndugu. Ukibahatika kufika mbali zaidi, tazama orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Zile za Yorkshire za 1379 mara nyingi huandika kazi kando ya jina, na hapo ndipo utaona kama Walker bado alikuwa fundi wa nguo au tayari alikuwa mkulima mwenye jina la kurithi. Hati zilizoandikwa kwa Kilatini zina mtego wake: karani aliweza kumwandika fundi huyo Fullo, hata kama majirani walimwita Walker. Tafuta majina yote mawili.