Muulize Shangazi: Mwalimu wa chekechea anataka kutengeneza vipindi vya watoto

*Shangazi alitayarisha vipindi vya watoto vya redio na runinga kwa miaka mingi jijini Dar es Salaam. Sasa amestaafu, anajibu barua za wasomaji.*

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 24, nafundisha chekechea. Nina cheti cha ualimu, na kamera niliyowahi kushika ni ya simu tu. Natamani kutayarisha vipindi vya watoto vya runinga, na siku moja niongoze kampuni inayovitengeneza. Nasikia aliyeanzisha Sesame Street ya Marekani ni mwanamke. Alisomea wapi filamu? Baba anasema kazi ninayo, nitulie. – *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakusomea filamu. Joan Ganz Cooney alizaliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1929, akachukua shahada ya elimu Chuo Kikuu cha Arizona, akamaliza 1951. Kutoka hapo akawa mwandishi wa habari kwenye gazeti la kwao. Mwaka 1953 akahamia New York, akaajiriwa kuvinadi vipindi vya watu wengine magazetini. Utayarishaji wenyewe aliuanza 1962, akiwa na miaka 32, katika kituo cha runinga ya umma, Channel 13. Na hapo usidhani alipewa watoto! Alikuwa akitengeneza mijadala ya watu wazima na makala kuhusu umaskini. Moja ya makala hizo ilimpeleka Harlem, mtaa wa New York, kwenye darasa la watoto wadogo wa familia maskini waliokuwa wakiandaliwa kuanza shule. Wewe darasa la namna hiyo unaingia kila asubuhi, na unalipwa. Mwambie baba yako hilo kwa upole.

Mambo yaligeuka mezani, watu wakila chakula cha jioni nyumbani kwake, mapema 1966. Mgeni mmoja, Lloyd Morrisett, alifanya kazi Carnegie, taasisi inayofadhili mambo ya elimu. Akasimulia kuhusu binti yake wa miaka mitatu: anaamka alfajiri, anakaa mbele ya runinga kabla kituo hakijaanza matangazo, anakodolea macho ile michoro ya kupimia mitambo akingoja katuni. Basi akauliza kama chombo kinachomshika mtoto kiasi hicho kinaweza kumfundisha chochote.

Cooney alifunga safari kutafuta jibu. Alizunguka Marekani na Kanada akiwahoji wanasaikolojia, walimu na watu wa runinga, akarudi na kitu chake cha kwanza alichotayarisha kwa ajili ya watoto: ripoti. Ndiyo, ripoti, mwanangu, makaratasi. Ripoti hiyo ndiyo iliyofungua pochi za watu. Zilipatikana dola milioni 8, karibu nusu kutoka serikali kuu, nyingine kutoka Carnegie, taasisi ya Ford na wafadhili wengine. Ilipofika zamu ya kuchagua mkuu wa shirika jipya la kutengeneza Sesame Street, mwaka 1968, wapo waliosita. Hajawahi kuongoza jambo kubwa hivi, walisema, tena ni mwanamke. Akapewa, na akaliongoza hadi 1990. Kipindi chenyewe kilianza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969.

Ninachotaka uchukue ni hiki: kazi hii ni kumtazama mtoto na kutafuta fedha. Kamera utakodi, na mpiga picha yuko tele.

Kumtazama mtoto walikufanya kwa mbinu rahisi ajabu. Mtafiti wao, Edward Palmer, alimkalisha mtoto mbele ya runinga, na pembeni akaweka mashine ya picha zinazobadilika kila sekunde 7 na nusu. Mtu anaandika: sasa anatazama kipindi, sasa ameangalia picha. Kila kipande kikapata hukumu yake kutoka kwa jicho la mtoto. Walipojaribu vipindi vitano vya mwanzo Philadelphia, Julai 1969, miezi minne tu kabla ya kwenda hewani, waligundua watoto wanashikwa na vikaragosi vya Jim Henson, lakini wakija watu peke yao mtaani, macho yanahama. Na nani aliyewatenganisha watu na vikaragosi? Wataalamu! Walishauri ndoto na uhalisia visichanganywe, mtoto atachanganyikiwa. Wakaamua kuuweka kando ushauri huo, wakarudi studio kurekodi upya, na ndipo vikaragosi wawili, ndege mkubwa wa manjano na mkorofi wa kwenye pipa la taka, wakawa majirani wa watu.

Mimi sikuwa na mashine, nilikuwa na mbuzi. Tulipeleka kipindi cha kunawa mikono kwenye chekechea moja Temeke. Mswada nimeuandika mwenyewe, daktari wa kweli anaeleza vijidudu kwa Kiswahili safi, najivuna. Dakika ya pili mbuzi akapita dirishani anatafuna mfuko wa plastiki. Watoto ishirini na kitu, vichwa vyote dirishani. Hakuna aliyerudi hadi mbuzi alipoondoka, na daktari wangu bado anaongea. Kisha kikaja kipande kifupi tulichokitia kwa sababu dakika zilipungua: mikono miwili ya kitambaa inagombana nani mchafu zaidi. Mbuzi akarudi, na safari hii waligeuka wanne. Bosi wangu aliposoma karatasi yangu ya hesabu aliniuliza, "Kwa hiyo unataka nimfute daktari kwa sababu ya mbuzi?" Nilimwambia ndiyo. Alikasirika, kwa sababu daktari alikuwa mgeni wake.

Kwa hiyo usiache kazi bado. Nunua daftari. Hapo Dar es Salaam wapo Ubongo, waliotoa Ubongo Kids tangu 2014, kisha Akili and Me kwa watoto wa umri wa wanafunzi wako. Waonyeshe darasa lako kipindi kimoja, na wewe kaa ukiipa runinga mgongo, utazame nyuso. Andika dakika na sekunde macho yanapohama, na kilichokuwa kinasemwa wakati huo. Fanya hivyo muhula mzima. Ukienda kuomba kazi na daftari hilo, watu wenye shahada za filamu watakusogezea kiti.

SWALI: Shangazi, mwanangu wa miaka minne aliona kwenye kipindi cha watoto babu amefariki. Nilizima runinga. Hawa watayarishaji hawaoni aibu? – *Baba wa mmoja, Tanga*

JIBU: Pole, baba. Hofu yako naielewa, ila rimoti uliishika haraka mno. Mwaka 1982 Will Lee, aliyeigiza mwenye duka wa Sesame Street, Bwana Hooper, alifariki. Wangeweza kusema kahama mji. Badala yake waliwauliza wataalamu wa watoto, wakaandika kipande ambacho yule ndege mkubwa anagawa picha alizowachorea rafiki zake, anafika na ya Bwana Hooper, anataka kumpelekea. Wakubwa wanamweleza, taratibu, bila kuzunguka, kwamba amekufa na hatarudi. Kilirushwa tarehe 24 Novemba 1983, sikukuu ya Shukrani, siku ambayo wazazi wako nyumbani, ili mtoto akiuliza awepo wa kumjibu. Wa kwako aliuliza nini baada ya kuzima? Barua yako haikusema.

SWALI: Mtayarishaji na mwongozaji, nani mkubwa? – *Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Mwongozaji anamwambia mtoto asimame wapi. Mtayarishaji ndiye aliyemwomba ruhusa mama wa mtoto, akatafuta nauli yake, akahakikisha amekula, na ndiye atakayepigiwa simu saa nne usiku mtoto akisahau kiatu studio. Mkubwa ni nani, sijui. Mimi viatu nimerudisha vingi.