Wi-Fi haionekani kwenye Debian 12? Usibomoe mfumo mzima

Msomaji ameniandikia: amenunua laptopu Luthuli Avenue, Nairobi, akaweka Debian 12 (mfumo wa Linux, toleo lenye jina bookworm), na Wi-Fi haionekani kabisa. Ameshauriwa aongeze ghala la vifurushi la trixie (Debian 13) kwenye `/etc/apt/sources.list`, faili inayoorodhesha maghala, kisha avute anachotaka. Tafadhali, usithubutu. Kifurushi kimoja cha trixie huweza kuvuta `libc6` mpya (maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea), na hiyo ikishaingia una mfumo ambao si 12 wala 13, na kurudi nyuma ni shida tupu.

Kwanza ijue kadi yako:

`lspci -nnk | grep -A3 -i net`

Ukiona `10ec:b852` na chini yake hakuna mstari wa "Kernel driver in use", hiyo ni Realtek RTL8852BE. Kiendeshi (driver) chake kiliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 6.2, lakini Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na 6.1. Hata ubadilishe mipangilio mpaka kesho, haitawaka. Unahitaji kerneli mpya, basi.

Unganisha simu kwa waya wa USB ikupe intaneti. Bando la MB 500 linatosha. Kerneli hiyo iko kwenye backports, ghala la vifurushi vipya vilivyojengwa kwa ajili ya Debian 12. Ongeza mstari huu kwenye `sources.list`:

`deb http://deb.debian.org/debian bookworm-backports main contrib non-free-firmware`

Halafu:

`sudo apt update`
`sudo apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64 firmware-realtek`

Hiyo `-t` ndiyo siri ya usalama. Ghala la backports lina kipaumbele 100 tu, kwa hiyo apt haichukui kitu humo mpaka uombe. Wanaolipandisha hadi 900 wanajitafutia taabu.

Chukua kerneli na fimwea (programu ndogo ya kadi yenyewe) kwa pamoja. Ukichukua kerneli peke yake, kiendeshi kinaweza kuitafuta faili ya fimwea kikaikosa, na `sudo dmesg` itakuonyesha "failed with error -2". Maana yake faili haipo, wala kadi haijafa. Watu wamenunua adapta za USB bure kwa sababu ya mstari huo.

Wenye NVIDIA au VirtualBox, ongezeni `linux-headers-amd64` kutoka ghala hilohilo, la sivyo DKMS (zana inayojenga viendeshi vya ziada kwa kila kerneli) haitajenga moduli. Angalieni `dkms status` kabla ya kuwasha upya. Baadhi ya moduli za zamani hukataa kujengwa kwenye kerneli mpya kama 6.12.

Kama `/boot` ni kigawo cha pekee, pima kwa `df -h /boot`. Ikijaa, initramfs (faili ambayo kerneli huanza nayo) haiandikwi na mashine haitaamka na kerneli mpya. Lakini kerneli ya zamani ya 6.1 usiifute: ndiyo utakayoichagua kwenye "Advanced options" ya GRUB (menyu ya kuwashia mashine) mambo yakienda mrama.

Jambo moja wengi hulisahau: `unattended-upgrades` (programu inayosasisha mfumo yenyewe), kwa mpangilio wake wa kawaida, haigusi backports. Endesha `apt upgrade` mwenyewe kila wiki, na kerneli ikibadilika, washa upya mashine siku hiyohiyo.