iPhone yenye serial namba ya herufi 10 si lazima iwe feki: jibu kwa ndugu yetu wa Masasi

Mkuu mleta mada, nimekusoma vizuri. Umenunua iPhone 13 ya mtumba hapa Mtwara mjini, umerudi nayo Masasi, fundi wa hapo kaangalia serial namba kakuta herufi na tarakimu 10 tu. Akakwambia original zote zina 12, hivyo umeuziwa kanyaboya. Muuzaji hapokei simu, na wewe unataka kupanda gari kesho asubuhi uje kumshukia dukani. Kabla hujapanda, nisome kwanza. Na kabla hujanisoma, futa ile picha uliyobandika inayoonyesha serial (namba ambayo Apple huipa kila simu) na IMEI yako (namba inayoitambulisha simu kwenye mitandao). Sababu nitaieleza huko chini.

Mimi nauza na kutengeneza simu jirani na soko kuu hapa Mtwara, na habari ya serial za iPhone nimeishi nayo kwa muda mrefu. Kwa iPhone 13, herufi 10 ndiyo kawaida. Ungekuja kwangu na iPhone 13 yenye 12, hapo ndipo ningevuta kiti tukae tuiangalie vizuri.

Fundi wako hakutunga, ila anachokijua ni cha zamani. Kuanzia 2010 Apple ilikuwa inatumia serial za herufi 12, na zile 12 zilikuwa zinasomeka. Tatu za mwanzo zilionyesha kiwanda. Ya nne ilikuwa nusu ya mwaka, ya tano wiki ndani ya hiyo nusu, tatu zilizofuata ni za kutofautisha simu moja na nyingine, na nne za mwisho zilibeba modeli, rangi na ukubwa wa GB. Ukikuta ya nne ni V, simu imetoka kiwandani nusu ya pili ya 2017. W ni nusu ya kwanza ya 2018, X nusu ya pili, Y na Z ni 2019, kisha 2020 wakarudi kwenye C. Mafundi wengi tulikuwa na hiyo orodha kichwani.

Na ilitusaidia sana, hasa msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba malipo ya minada yanaingia kwenye akaunti za wakulima, vijana wa Newala na Tandahimba wanashuka mjini na hela, na simu za kila aina zinashuka nazo kutoka Kariakoo. Mtu anakuletea iPhone X anakwambia ndugu yake aliinunua mpya juzi. Unafungua Settings, unaingia General, halafu About, unaangalia herufi ya nne, unamwonyesha: hii ni ya 2017. Hakuna bando lililotumika, hakuna tovuti, na mabishano yanaishia hapo hapo. Kwa fundi wa Nanyamba au Kitangari ambako mtandao unakuja na kuondoka, ile ilikuwa nyenzo ya bure kabisa.

Mwezi Machi 2021 ikajulikana kwamba Apple imewaandikia wafanyakazi wake wa AppleCare, kitengo chake cha waranti na huduma, kuwa inahamia kwenye serial za kubahatisha. MacRumors, tovuti ya habari za Apple, ndio waliouona ule ujumbe na kuuandika. Mpango wenyewe ulikuwa uanze mwishoni mwa 2020, ukasogezwa mbele hadi mwanzoni mwa 2021. Ujumbe ulisema serial mpya zinaweza kuwa na herufi 8 hadi 14, kwa kuanzia zitakuwa 10, na hazitabeba tena habari za kiwanda, tarehe wala modeli. Bidhaa ambazo tayari zilikuwa sokoni zilibaki na muundo wake. Aprili mwaka huo ikatoka iPhone 12 ya zambarau na serial ya herufi 10, na iPhone 13 ya Septemba 2021 ikaja hivyo hivyo.

Zingatia hapo kwenye 8 hadi 14. Kesho Apple wakiamua kutoa 11 au 13, wapo ndani ya walichosema. Kwa hiyo anayekufundisha kuhesabu herufi, iwe 10 au 12, anakufundisha kitu kitakachokuangusha siku moja. Na IMEI haikuguswa kabisa, ni tarakimu 15 zile zile.

Apple haikusimama hadharani kueleza kwa nini imebadili. Mimi nina maoni yangu. Serial inayofuata utaratibu inabashirika. Ukiwa na serial za simu chache za kundi moja, unabadilisha herufi moja au mbili katikati unapata namba ya simu nyingine ya kweli, ya mtu usiyemjua. Januari 2017 Apple iliondoa ule ukurasa wa iCloud ambao mtu yeyote alikuwa anaweza kuingiza serial au IMEI na kuona kama simu imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe. Wauzaji wa mtumba tuliukosa sana ule ukurasa, lakini na wezi walikuwa wanautumia.

Kuna kesi moja kule Oregon, Marekani, inayoonyesha namba hizi zina thamani gani mikononi mwa tapeli. Mwanafunzi mmoja alikuwa anapokea iPhone feki kutoka Hong Kong, anazipeleka Apple akidai ni zake na haziwaki, anaomba abadilishiwe kwa waranti. Simu isiyowaka huwezi kuikagua papo kwa papo, na namba zake zilikuwa zinalingana na za simu halisi zenye waranti. Apple ilibadilisha simu 1,493 kabla hajakamatwa, na hasara ilikadiriwa kuwa dola 895,800. Mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miezi 37. Ndiyo maana nakuomba ufute ile picha. Serial yako ikiwa wazi humu, kesho inaweza kuchapwa kwenye stika ya boksi la simu nyingine, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Kwa hiyo mabadiliko haya nayaona yana haki yake, ila gharama tumeibeba sisi wa pembezoni. Mtu wa mjini mwenye intaneti ya uhakika hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni mnunuzi wa Mahuta anayeuziwa simu chini ya mwembe, ambaye zamani rafiki yake fundi angemsomea herufi ya nne.

Na fujo niliyoiona mimi haikutoka Apple, ilitoka kwa watu waliokuwa wamejenga mifumo yao juu ya zile herufi 12. Kuna muuzaji wa jumla Dar niliyekuwa nachukua mzigo kwake (jina lake naliacha). Fomu yake ya waranti kwenye kompyuta ilikuwa haikubali serial pungufu ya 12. Simu mpya zilipoingia, kijana wa kaunta akawa anaongeza sifuri mbili mwishoni ili fomu ikubali. Risiti inatoka, mzigo unapanda basi, unafika Mtwara. Mteja wangu mmoja simu yake ikaanza kujizima, nikairudisha Dar ndani ya muda wa waranti, wakatafuta serial kwenye mfumo wao wakasema haipo, hawajawahi kuuza simu hiyo. Nilikuwa na risiti mkononi. Nikawaonyesha: namba ni ile ile, ila kwenye risiti ina 00 mwishoni na kwenye simu haina. Walichukua muda mrefu kukubali, na mteja muda wote huo alikuwa anatumia kitochi. Kwa hiyo wenye maduka mnaosoma hapa, chungulieni fomu na madaftari yenu. Kama mmechora vyumba 12 vya serial, futeni, acheni mstari mtupu. Na andikeni IMEI pembeni kila mara.

Sasa turudi kwenye simu yako, mkuu. Iweke mezani.

Anza na IMEI, maana hiyo haihitaji bando. Piga *#06#, zitatokea IMEI mbili. Linganisha na zilizopo kwenye About. Kisha chukua pini, toa trei ya laini, igeuze kwenye mwanga: kwenye iPhone 13 IMEI imechorwa kwenye trei yenyewe, kwa maandishi madogo mno, wengine tunatumia lensi ya kurekebishia bodi kuyasoma. Zikilingana zote, vizuri. Trei ikitofautiana usishtuke moja kwa moja, trei hubadilishwa na mafundi, ila sasa unajua simu imewahi kufunguliwa. Halafu tuma hiyo IMEI kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ni mfumo ule ule uliotumika kuzima simu feki tarehe 16 Juni 2016, na utakujibu aina na modeli ya simu inayomiliki namba hiyo. Hapa ndipo penye ile faida tuliyoipoteza kwenye serial, maana tarakimu 8 za mwanzo za IMEI bado zinataja modeli. Ukijibiwa modeli nyingine tofauti na iliyoko mkononi, hapo una kesi.

Ukipata mtandao, ingia checkcoverage.apple.com na uandike serial. Serial za Apple hazina herufi O, ukiona duara ni sifuri. Watu wengi wanaandika O, wanaambiwa namba si sahihi, wanaanza kulia wameibiwa. Ukurasa ukitaja iPhone 13, tulia. Ukisema waranti imekwisha, usihangaike, waranti ya Apple ni ya mwaka mmoja tu, na ya simu ya mtumba mara nyingi huwa imekwisha. Lakini usiishie hapo, kwa sababu feki nayo inaweza kubandikwa serial halali ya mtu. Ile kesi ya Oregon ilikuwa hivyo hivyo. Fungua App Store. Feki nyingi ni Android iliyovalishwa sura ya iPhone, na ukibonyeza App Store inakupeleka Play Store.

Ukiwa bado kwenye About, tazama namba ya modeli, sehemu ya Model Number. Ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na Apple wenyewe, N ni iliyotolewa kama mbadala wa simu iliyoharibika. Muuzaji akikwambia imetoka boksini na inaanza na N, ameshakudanganya jambo moja. Ukiona J kabla ya mkwaju, yaani J/A, imetoka Japani, na sauti ya kamera ukipiga picha huenda isizimike. Wateja wangu wengi huleta hilo kama ugonjwa.

Shuka chini kidogo kwenye About hiyo hiyo. Tangu iOS 15.2 ya Desemba 2021, simu iliyobadilishwa vipuri inaandika hapo historia ya vipuri: betri, kioo, kamera. Ukikuta Unknown Part kwenye kioo, kioo huenda si cha Apple, au kimetolewa kwenye simu nyingine, au hakikufungwa inavyotakiwa. Simu bado ni original, ila bei uliyolipa inapaswa kujadiliwa. Kwa macho yangu hapa ndipo penye wizi mkubwa wa sasa mkoani kwetu. iPhone 13 ya kweli kabisa, serial safi, IMEI safi, lakini imefungwa kioo cha bei chee na betri ya kuokoteza, na mnunuzi analipa bei ya simu nzima huku akili yake yote ipo kwenye kuhesabu herufi.

La mwisho ndilo la hatari kuliko yote. Angalia juu kabisa ya Settings, kuna jina la nani? Kama ni lako peke yako, sawa. Kama ni la mtu mwingine, au Find My, ile huduma ya Apple ya kutafuta simu iliyopotea, iko wazi kwa akaunti usiyoijua, mwenye akaunti hiyo anaweza kuifunga simu yako kesho akiwa popote duniani. Usiifute mwenyewe ukidhani utalisafisha jina, kwa sababu ikishafutika itadai nenosiri lake na utabaki na kipande cha kioo. Muuzaji aingize nenosiri atoe akaunti, ndipo ifutwe mbele ya macho yako na iwake upya bila kudai chochote. Anayesema nenosiri atakutumia ukifika nyumbani, mwachie simu yake.

Ukikuta jina geni, basi ndiyo, panda gari uje, na ukija njoo na risiti. Kama huna risiti, chukua muamala wa simu ulioonyesha malipo, na ukishindwana naye pitia polisi uwe na RB mkononi kabla ya maneno mengine. Ukikuta tatizo ni kioo au betri tu, mpigie muuzaji kwa namba nyingine, mtajie maneno uliyoyasoma kwenye About kama yalivyo, omba arudishe sehemu ya hela. Wengi hukubali wakishajua unajua.

Na kama kila kitu kimelingana, mwambie fundi wako wa Masasi kwa upole kwamba muundo ulibadilika tangu 2021, mpe na hii ya 15090. Kisha rudi hapa uandike About imesema nini kwenye kioo na betri, bila picha ya namba. Nitakujibu.