Maswali yenu: studio ya chumbani kwa fedha kidogo

Nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Kiwe kompyuta mpya au kipaza sauti?

Kipaza sauti. Kompyuta inayocheza video bila kukwama itaweza kurekodi sauti. Ila usikimbilie kondensa, aina ya kipaza sauti yenye usikivu mkubwa, kwa kuwa ndiyo unayoiona kwenye picha za studio. Kondensa husikia kila kitu, kuanzia feni hadi jirani na mwangwi wa kuta tupu. Chumba cha kawaida kinataka dainamiki, aina isiyo na usikivu mkubwa hivyo, kama Shure SM58, iliyoko sokoni tangu 1966. Ukiiimbia kwa karibu, inachukua sauti yako na kuacha sehemu kubwa ya chumba. Ya mtumba pia si mbaya, mradi uijaribu kwanza (na ujihadhari na za bandia, maana zimejaa).

Kipaza sauti cha USB kinatosha?

Kwa mtu mmoja anayeimba juu ya biti, ndiyo. Ukitaka kurekodi sauti na gitaa kwa pamoja kitakubana, kwa sababu kuunganisha viwili vya USB kwenye kompyuta moja ni kujitafutia ugomvi. Ukiona huko ndiko unakoelekea, nunua kadi ya sauti ya nje (kifaa cha kuunganisha vipaza sauti na kompyuta) yenye matundu mawili ya XLR, yaani ya plagi ya pini tatu ya vipaza sauti, na umeme wa volti 48, ili hata kondensa ikubali baadaye. Matundu manane waachie wanaorekodi ngoma.

Programu ipi ya bure?

Audacity, kama kazi ni kurekodi na kukata. Mwenye Mac atumie GarageBand. Kwa wimbo wenye traki nyingi kwenye Windows, mimi ningechukua Reaper: si ya bure, lakini unaijaribu siku 60 ikiwa kamili.

Nikiimba, sauti yangu inafika kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Kadi ni mbovu?

Sidhani. Angalia bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia; hupimwa kwa sampuli, vipande vidogo vya sauti. Sampuli 1,024 kwenye 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) ni takriban milisekunde 21, na hizo ni za kuingia tu. Sauti bado haijatoka. Shusha hadi 128 unaporekodi, kisha ipandishe unapochanganya, kwani bafa ndogo huichosha kompyuta na sauti huanza kukatikakatika. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO (programu inayounganisha kadi na kompyuta kwa ucheleweshaji mdogo) ya mtengenezaji wa kadi. Kadi ikiwa na kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kibonyeze tu; hapo sauti haipiti kwenye kompyuta kabisa.

Trei za mayai ukutani zinasaidia?

Hapana, ni nyepesi mno. Tundika blanketi zito, na ulitundike nyuma yako, si nyuma ya kipaza sauti kama wengi wanavyofanya. Vipaza sauti vingi vya kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, yaani uso wako na ukuta ulio nyuma yako. Kabati lililojaa nguo, milango wazi, linafaa vilevile. Kelele za nje hazitazuiwa na blanketi. Hizo zisubirie usiku.