Mama Mkutubi, diwani kaniuliza maktaba inaingiza shilingi ngapi

*Shikamoo Mama Mkutubi. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa maktaba ya jamii huku wilaya ya Newala baada ya sauti kuniharibikia. Daktari alisema niachane na chaki. Nina chumba kimoja, rafu nne na vitabu vinavyokaribia mia tisa, vingi ni vya kiada vya mtaala uliopita. Mara mbili nimeomba fedha za vitabu na sola, na mara mbili bajeti imerudi haina hata neno maktaba. Diwani wetu ni mtu mwema, ila aliniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, hiyo maktaba inaingiza shilingi ngapi?" Nikakosa jibu. Wenzangu sasa wananiita mtunza stoo. Nianzie wapi?*
*Mwalimu, Newala*

Marahaba mwanangu, na pole na sauti. Usijali sana, maana kazi hii haitaki mtu wa kelele.

Swali hilo hata mimi niliulizwa, miaka mingi iliyopita, kwenye ukumbi wa halmashauri moja huku kusini. Jina lake silitaji, baadhi ya waliokuwemo tunasalimiana sokoni mpaka leo. Nilikuwa nimejiandaa kurasa sita. Nikaanza na Sheria Na. 6 ya mwaka 1975, ile ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nikaingia kwenye tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotoka mara ya kwanza 1949. Nilipanga kumalizia na Mwalimu Nyerere alivyofungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Yote ya kweli, hakuna neno nililolitunga. Kufika ukurasa wa tatu, diwani wa pembeni anakoroma, na aliyekuwa macho ndiye aliyeniuliza habari ya mapato. Mwaka ule tulipewa ufagio na debe la rangi. Na rangi yenyewe ilikuwa mabaki ya zahanati.

Nilirudi nyumbani nimewakasirikia. Ilinichukua muda kuona kwamba mwenye kosa ni mimi. Nilikwenda kuwaambia watu kwamba maktaba ni muhimu, na hakuna diwani hata mmoja anayelibishia hilo. Anachobisha ni kama inastahili kutangulizwa mbele ya kisima. Huko kwenu juu ya uwanda, ambako dumu la maji lina bei yake, ukikipambanisha kitabu na maji utashindwa, na mimi nitasema umeshindwa kwa haki.

Kwa hiyo acha hotuba. Nenda dukani ukanunue kaunta buku. Najua daftari la mahudhurio unalo, kila maktaba inalo, na kila mwaka tunapeleka hesabu ya walioingia na hakuna anayeisoma. Hili ni jingine. Chora safu nne: siku, kazi ya mtu (jina lake usiandike, watu hawapendi kuandikwa majina kwa kile wasichokijua), alichotaka, alichopata. Andika kila mtu, na hasa aliyeondoka mikono mitupu. La kwangu lilianza hivi:

Jumanne. Mkulima. Anataka kujua salfa aipulize lini. Hakupata.
Jumatano. Mwanafunzi kidato cha nne. Kitabu cha fizikia. Kipo kimoja, kurasa za katikati zimechanwa.
Alhamisi. Mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Anataka kuelewa makato kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala. Hakupata.
Ijumaa. Mama lishe. Ana barua, anaomba asomewe. Alisomewa.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kurasa za namna hiyo, na nikaona aibu, kwa sababu mengi kati ya niliyokuwa naandika "hakupata" hayakuhitaji bajeti ya mtu. Yule wa salfa, kwa mfano. Unajua mikorosho ikianza kutoa maua majira ya baridi, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, nao unabisha hodi, na salfa ndiyo dawa yake, nayo ina wakati wake. Sasa mimi nakaa Mtwara mjini, na Naliendele, ambako utafiti wa korosho wa nchi nzima unafanyika, ni hapo tu kwa daladala. Nikaenda, nikaomba vipeperushi, wakanipa bahasha imejaa. Gharama yake ilikuwa nauli. Mzee aliporudi alichukua kimoja, akaomba na cha jirani.

Kikao kilichofuata cha Kamati ya Maendeleo ya Kata mimi sikusema kitu. Nilimwomba yule mzee aje. Akasimama na kipeperushi chake kimekunjwa mara nne, kina alama ya kidole chenye unga wa salfa pembeni, akasema: "Mimi nilikuwa napuliza kwa kumwangalia jirani. Kumbe jirani naye alikuwa ananiangalia mimi." Watu walicheka mpaka mtendaji akaweka kalamu chini. Hapo nikafungua kaunta buku nikasoma ukurasa mmoja. Mmoja tu, nikakaa.

Hilo ndilo jibu la diwani wako, mwanangu. Atakapouliza tena inaingiza shilingi ngapi, mwulize ushuru wa korosho unaoingia halmashauri unatoka mikononi mwa nani, kisha mwonyeshe huyo mtu alikuja kwako Jumanne akitafuta nini. Ila usijitape. Usiseme kipeperushi kimeongeza magunia, hujayapima. Sema alichouliza na alichopata, basi.

Kuhusu wakati, naona ndipo unapojikwaa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini chungu kinatengwa jikoni miezi mingi kabla. Ukitokea Aprili na barua yako unakuta ukoko. Mwezi Novemba uwe umeshazungumza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na hakikisha ombi limeingia kwenye muhtasari. Nenda ukautazame muhtasari kwa macho yako, usiridhike na "tumeliandika mwalimu". Toka hapo linapanda kwenye kata, linakwenda Kamati ya Elimu, Afya na Maji, linapita ya fedha, ndipo baraza. Katika kila ngazi tafuta mtu mmoja aliyewahi kuazima kitabu kwako. Si lazima awe mkubwa. Mimi wangu alikuwa katibu muhtasari, mwanawe alisomea kwangu.

Tena usiandike "kuboresha huduma za maktaba". Hilo hufutwa kwa mstari mmoja. Andika vitabu vya fizikia kidato cha tatu na cha nne nakala ishirini, paneli moja ya sola, taa nne, na bei ya dukani iwe pembeni. Na hata wakikupa kidogo, pigania kiwe kifungu cha kila mwaka. Yule tajiri wa Marekani, Andrew Carnegie, aliyetoa fedha zikajenga maktaba zaidi ya 2,500, hakuwa mjinga wa fedha: mji uliotaka jengo ulitoa kiwanja, na ukaahidi kutenga kila mwaka sehemu ya kumi ya kile alichotoa, kwa ajili ya vitabu na mishahara. Omba kifungu, usiombe msaada.

Na hao wanaokuita mtunza stoo, wape zamu ya Jumamosi moja wiki ya kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

*Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne, niko Nachingwea. Nataka kusomea ukutubi lakini baba anasema hiyo si kazi, ni kukaa na kusubiri. Nimwambieje?*
*Binti wa Nachingwea*

Marahaba binti yangu. Baba usishindane naye kwa maneno. Mwulize kwa upole kama hajawahi kufika hospitali akaambiwa faili lake halionekani, akakaa benchi tangu asubuhi. Anayelifanya faili lionekane kasomea. Chuo kiko Bagamoyo, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba na kilianza 1989. Utaanza na cheti, uende stashahada. Huko hufundishwi vitabu tu, ni na nyaraka pia, na nyaraka ziko mahakamani, benki, hospitali, halmashauri.

Utajifunza kuainisha, yaani kukipa kila kitabu namba ya mada yake kwa mfumo wa Dewey, na hapo ndipo utakapojijua kama kazi ni yako. Kitabu cha kulima korosho kinakwenda 634, pamoja na miti ya matunda. Cha kupika korosho kinakwenda 641. Je, kitabu kinachoeleza mkorosho shambani, halafu nusu ya pili kinafundisha kubangua na kuuza, utakiweka wapi, ukijua anayekitafuta ni mama wa kikundi cha ubanguaji aliyeomba ruhusa ya nusu saa? Mimi niliwahi kukosa usingizi kwa kitabu kama hicho. Kama swali hilo limekuchekesha, tulia kwanza. Kama limekukuna, kajaze fomu.

*Mama, marafiki zetu wa Uingereza wanataka kuiletea maktaba yetu ya mtaa kontena la vitabu. Tupokee?*
*Katibu wa kamati, Lindi*

Mshukuruni aliyewafikiria, kisha ombeni orodha ya vitabu kabla kontena halijapakiwa. Waambieni mnachotaka, kwa daftari lile lile nililomweleza mwalimu wa Newala, na waambieni bila haya kwamba mngependa sehemu ya nauli ya meli inunue vitabu vya Kiswahili hapa hapa nchini. Ulizeni pia nani analipa bandarini, maana zawadi nyingi hukwama hapo. Mimi nilipokea maboksi kumi na manne bila kuuliza. Tukafungua na wasaidizi wangu wawili, jasho linatutoka, na boksi la tatu likatoa mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Nakala mbili. Moja niliigawa, sikumbuki kwa nani. Nyingine ninayo nyumbani, inazuia mlango upepo wa kusi ukivuma.